Mkate wa Juzi

Msiba ulioletwa na Mungu una watu wa kuulilia. Majirani huja, mabega hutolewa, leso hulowa. Lakini uko msiba mwingine ambao mtu huufuata kwa miguu yake mwenyewe, akaubishia hodi, akaukaribisha ndani na kuupa kiti. Huo hauna matanga. Aliyeuita hukaa nao peke yake. Ndivyo ilivyomkuta Lorraine Prosser, na chanzo chake kilikuwa bakuli moja la mchuzi wa mkate.

Nyumba ya akina Prosser ilisimama juu ya kilima kilichotazama mashamba ya matofaa ya Herefordshire, na fahari yake ilikuwa chumba cha kupikia. Kilikuwa chumba kipana chenye sakafu ya mawe, jiko kubwa la chuma lisilozimwa kiangazi wala kipupwe, na meza ambayo ukoo mzima uliizunguka bila kugongana viwiko. Mwenye chumba hicho alikuwa Mama Winifred, mjane mwenye mgongo ulionyooka kama mwiko. Lorraine alikuwa mkamwana wake mkubwa, mke wa Nigel, kifungua mimba wa nyumba ile. Yeye na Nigel walipanga ghorofani, juu ya duka la viatu mjini Leominster, katika vyumba ambavyo mtu akitaka kufungua tanuri ilibidi mwenzake atoke kwanza. Kwa miaka mingi Lorraine alikitamani chumba kile cha mama mkwe wake kama mwenye kiu anavyokitamani kisima cha jirani.

Vuli ya mwaka ule Mama Winifred alitangaza kwamba amechoka. Baada ya Krismasi, alisema, angemkabidhi jiko mmoja wa wakamwana wake. Huyo na mumewe wangehamia pale, naye angebaki na chumba chake cha juu. Hakutaja jina. Lorraine hakuona haja ya kutajiwa. Mkamwana wa pili, Bethan, alikuwa ameolewa na Gareth kiangazi hichohicho. Alikuwa msichana wa Newport, mwenye kucha za rangi na kicheko cha karibu, na kwao mchuzi ulitoka kwenye pakiti.

Basi fikiria jinsi moyo wa Lorraine ulivyopasuka siku Mama Winifred alipogawa kazi za Krismasi. Lorraine alipewa bata mzinga, viazi, mboga zote na maandazi ya matunda. Kisha mama mkwe akamgeukia Bethan, akamshika mkono.

"Na wewe, mwanangu, utanitengenezea mchuzi wa mkate."

Katika nyumba ile mchuzi huo haukuwa kitoweo tu. Kila mtu aliijua hadithi yake, maana Mama Winifred aliisimulia kila mwaka mpaka wanawe wakawa wanamalizia sentensi kabla yake. Alipokuwa bi harusi, mama wa mumewe alimwachia mchuzi wa mkate, na kabla mwaka haujageuka akamwachia na jiko. Lorraine alikuwa amekula Krismasi katika nyumba hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii, na hata siku moja hakuwahi kuushika mwiko wa mchuzi ule mkononi mwake. Mama Winifred aliukoroga mwenyewe siku zote. Sasa amekuja mtoto wa jana, kitanda chake cha harusi hakijapoa, naye anapewa.

Njiani kurudi mjini, Lorraine hakunyamaza. Alimwuliza Nigel kama amemwona mama yake, na kama haoni kwamba wanapokonywa nyumba mchana kweupe. Nigel, aliyekuwa mtu wa kupenda amani kuliko ukweli, alijibu macho yakiwa barabarani.

"Ni mkate na maziwa tu, mke wangu. Chakula cha mgonjwa."

"Kama ni cha mgonjwa, mbona miaka yote hii naumwa na sijapewa?"

Tangu hapo wivu ukamkalia Lorraine kooni kama mwiba wa samaki. Akila, unamchoma. Akimeza mate, unamchoma. Akamkumbuka Bethan akichekeshwa na Mama Winifred, akaona meno. Akamkumbuka akibeba kikapu cha mayai, akaona wizi. Hakuna kioo kinachopotosha sura kama jicho la mwenye kijicho.

Asubuhi ya Krismasi wote walikusanyika kilimani. Mama Winifred alimwonyesha Bethan la kufanya kabla ya kwenda kanisani pamoja na wanawe. Kitunguu kizima kilimenywa, kikachomekwa karafuu pande zote mpaka kikawa kama nungunungu, kikalazwa ndani ya sufuria ya maziwa pamoja na pilipili manga na kungumanga kidogo, na sufuria ikawekwa pembeni mwa jiko palipo na vuguvugu tu. Yasichemke, mama mkwe alionya, maziwa yakiharakishwa hununa. Watakaporudi, Bethan atoe kitunguu, afikiche mkate, autie ndani na kukoroga kwa siagi.

Siri ya mchuzi huo imo katika mkate. Mkate wa leo haufai. Hutakiwa mkate mweupe wa juzi, ulioachwa wazi hadi ukakauka, ambao ukiufikicha unatoa chenga kama mchanga mkavu. Ndio unaokunywa maziwa na kulainika kwa adabu. Mkate mbichi ukitiwa kwenye maziwa ya moto huwa gundi. Mama Winifred alikuwa ameuweka mwenyewe mkate wake wa juzi juu ya kabati, chini ya kitambaa cha buluu. Lorraine aliuona. Aliyajua yote haya, maana kwa miaka mingi alikuwa ameyatazama kutoka kwenye beseni la kuoshea vyombo.

Bethan alipopanda juu kubadilisha nguo, Lorraine alitoa kikapuni mkate aliokuja nao, laini, uliookwa jana yake, akauweka chini ya kitambaa cha buluu. Ule mkavu akautoa nje, akautupia kuku. Kuku wakaugombea kama watu waliodhulumiwa, na kufumba na kufumbua haukubaki hata ukoko. Lorraine akarudi ndani akafuta mikono. Mwiba ulikuwa umemtoka kooni. Akawa anamwagia bata mzinga mafuta yake huku akiimba.

Bethan alishuka na aproni safi. Alimwambia Lorraine kwamba hakulala vizuri kwa kuuwaza mchuzi, na kwamba Gareth amemwapia akiuharibu atamrudisha Newport kwa mzigo wa posta. Lorraine akacheka naye. Kengele za kanisa zilipolia kuashiria mwisho wa ibada, Bethan akafunua kitambaa, akaubonyeza mkate kwa kidole, akasita.

"Dada, mbona laini? Mama si alisema unatakiwa mkavu?"

Kama Lorraine angetaka kurudi nyuma, mlango ulikuwa wazi pale. Kwenye kabati ya chini kulikuwa na vipande vikavu vya kutosha. Lakini akamwona msichana yule amesimama katikati ya chumba anachokitamani, na moto ukawaka upya.

"Aliyeuweka hapo ni mama mkwe wako. Unataka kumfundisha mkate?"

Bethan akaona haya, akaanza kufikicha.

Mezani watu walikaa na kofia zao za karatasi kichwani, kama ilivyo desturi ya Krismasi huko, nyekundu, kijani na manjano. Nyama ilikuwa imeiva vizuri na ngozi yake ikameta, nayo ikasifiwa. Kisha bakuli la mchuzi likapitishwa. Nigel alichota, kijiko kikasimama wima chenyewe. Gareth akaugeuza wa kwake kwenye sahani, ukaning'inia.

"Mama, tuule huu, au tubandikie karatasi za ukutani?"

Wakacheka wote isipokuwa Bethan, ambaye uso ulimwiva kuliko kofia yake. Lorraine aliinamisha macho kwa huruma iliyopikwa tayari, akasema wasimsimange mwenzao, si kila mtu amezaliwa na mkono wa jikoni. Maneno hayo yalimwendea mdomoni matamu kuliko chakula chote.

Mama Winifred hakucheka. Alionja, akaonja tena, akamwuliza Bethan kwa upole mkate ulikuwaje.

"Ulikuwa laini, Mama, ukawa unashikamana. Lakini ndio niliokuta chini ya kitambaa."

Mama Winifred aliweka kijiko chini taratibu, kama mtu anayeweka kitu kisije kikavunjika.

"Basi ni mimi," akasema. "Ningeapa kwamba niliweka wa juzi. Ningeapa mbele ya kasisi."

Gareth akasema ni jambo dogo, nani asiyesahau mkate. Lakini mama yake alitikisa kichwa. Ndipo akawasimulia nusu ya pili ya hadithi yake, ile ambayo hakuwahi kuitoa pamoja na ya kwanza. Mama mkwe wake alipomwachia jiko, alikuwa ameshaanza hivyohivyo. Alianza kwa vitu vidogo. Leo katia chumvi ndani ya chai, kesho kaficha funguo ndani ya tanuri. Baadaye hakumtambua mtu, akawa anapiga na kuuma. Winifred alimwuguza ndani ya nyumba ile mpaka ujana wake ukaisha, na siku alipomzika aliapa kwamba hatamtwika mke wa mwanawe mzigo ule.

"Nigel, ikipita sikukuu zungumza na wale wa nyumba ya wazee kule Ludlow," akasema. "Nitakwenda nikiwa bado najua ninakokwenda. Na hapa pauzwe. Makao yale hayalipiwi kwa matofaa."

Lorraine akainuka nusu kitini. Sauti ikamponyoka.

"Lakini, Mama, jiko je? Ulisema utalikabidhi."

"Lilikuwa lako, mwanangu." Mama Winifred alimtazama kwa mshangao. "Lilikuwa la nani mwingine? Leo baada ya chai ndio nilitaka kulisema. Huoni nimekupa meza nzima? Mchuzi nilimpa Bethan kwa sababu hata mtoto anauweza, sikutaka mgeni akae mikono mitupu. Wewe siku ya kwanza tu ulipoingia nilikuachia nyama. Ningekupaje kazi ya kuanzia?"

Hakuna aliyekula zaidi. Bethan alikuwa akilia kwenye leso ya mumewe, akirudia kwamba angeuliza tena, laiti angeuliza tena.

Lorraine hakuwa mtu wa moyo wa jiwe. Alikuwa mtu wa moyo uliougua. Alimfuata mama mkwe wake kwenye beseni la vyombo, kofia ya karatasi bado kichwani, akamwambia kwa sauti ya chini.

"Mama, hukusahau. Mkate niliubadilisha mimi. Ule wako niliwapa kuku."

Mama Winifred alifuta sahani mpaka ikakauka. Alipogeuka, macho yake yalikuwa yamelowa, akamkumbatia.

"Nilijua utasema hivyo."

"Ni kweli, Mama. Nakuapia."

"Na kwa nini ungefanya hivyo?"

"Kwa wivu. Nilimwonea Bethan wivu."

Mama Winifred akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu chakula. Wivu wa mkate na maziwa? Kwa mwanamke aliyeweza kulisha kijiji kizima akiwa amefumba macho? Akawaita wengine waje wasikie. Tazameni, akawaambia, huyu anataka kujitwisha kosa langu ili nisiondoke. Lorraine akakana, akaapa, akaeleza rangi ya kitambaa na jinsi kuku walivyogombana. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumwona mwema. Bethan akamwangukia begani akamwomba msamaha kwa kuwaharibia Krismasi. Nigel akamshika mkono kwa fahari, akamnong'oneza kwamba inatosha sasa, asimchoshe mama. Lorraine akatazama uso mmoja baada ya mwingine akitafuta hata mmoja wa kumshutumu, asiuone.

Majira ya kuchipua nyumba ikauzwa kwa watu wa London. Siku ya kuhama walikuta jiko la chuma limezimwa, na baridi yake ikamtisha kila aliyeligusa. Gareth, mtu wa mizaha, alitoka nje akasimama nyuma ya banda la kuku ili asionekane. Bethan alilia waziwazi, na Nigel pia. Mama Winifred aliketi kwenye gari, mkoba magotini, akihesabu kwa sauti majina ya majirani na mbwa wake wote wa zamani ili ahakikishe bado yamo kichwani. Yalikuwamo yote. Hakukosea hata moja.

Lorraine alisikia majina yale yakitoka sawasawa, moja baada ya jingine. Alitaka kupiga magoti kwenye kokoto zile, alie kama walivyolia wenzake. Mama Winifred akamwona, akanyoosha mkono dirishani akamgusa shavu.

"Usilie, mwanangu. Katika haya yote wewe ndiye pekee usiye na lawama."

Machozi yakamkauka Lorraine machoni, kwa maana hakuwa na haki nayo. Gari likateremka kilima naye akabaki amesimama, macho makavu. Msiba wa kujitakia hauna kilio.