Mwezi Mmoja wa Mapumziko

Tegeni masikio. Nina kisa kimenishinda kukiamua. Labda nyinyi mtaweza.

Katika wilaya moja ya kusini walikuwapo watumishi watatu wa afya. Somoe, nesi wa zahanati iliyo kando ya msitu, alijaliwa subira ya kuuliza. Chilumba, mtakwimu wa wilaya, alijaliwa jicho: kwenye kompyuta aliona mambo ambayo wenzake waliyapita. Akwilina, mtoa chanjo, alijaliwa ulimi. Hata aliyemfungia mlango alimfungulia tena.

Mwaka huo surua ilizuka. Ajabu ni kwamba mfumo wa kompyuta wa wilaya ulionyesha kila mtoto amechanjwa.

Somoe alipokea wagonjwa peke yake, maana mwenzake alihamishwa na hakuletwa mwingine. Foleni ilifika barabarani. Hata hivyo yeye alimuuliza kila mama, "Jana mlilala wapi?" kisha akaliingiza jibu kwenye simu ya kazi. Watoto wawili walimfia mikononi. Aliwafunika, akanawa, akamwita anayefuata.

Majibu hayo yalimfikia Chilumba, naye akayaweka kwenye ramani. Yote yaliangukia katikati ya msitu, mahali ambapo mfumo haukuwa na kijiji wala mtu.

"Huko hakuna watu," mkuu wake akasema. "Hayo ni makosa, yafute."

"Mzee, makosa hayapati homa."

Hakufuta. Alikaa mbele ya kompyuta, akilinganisha na kuuliza huku na kule, mpaka akathibitisha kwamba msituni mna kambi za wachoma mkaa ambao watoto wao hawakuwahi kuhesabiwa. Akaliingiza eneo hilo kwenye mfumo, na chanjo zikatengwa. Tangu hapo mkuu wake hakumwitikia salamu, na macho ya Chilumba mwenyewe yakawa yanachuruzika machozi kila akitazama mwanga.

Gari la chanjo lilipofika msituni, watu walikimbia wakidhani ni maofisa wa misitu waliokuja kuwakamata kwa kuchoma mkaa bila kibali. Akwilina akalirudisha gari, akavua sare, akajitwika kasha la chanjo na kutembea.

"Dada, ukishatuandika, kesho tunakamatwa," mama mmoja alimwambia.

"Namwandika mtoto, dada yangu. Tanuru siliandiki."

Alikula ugali wao, akalala katika moshi wao, kambi hadi kambi, mpaka watoto wote wakachanjwa. Nyumbani alikuwa amemwachia mama yake mtoto anayenyonya. Aliporudi, maziwa yalikuwa yamekauka, na mtoto akamlilia kama anavyomlilia mgeni.

Surua ikaisha. Mganga mkuu wa wilaya akawaita ofisini.

"Wanangu, nawashukuru. Lakini mvua zimekaribia, na zikija huja na kipindupindu. Siwezi kuwaruhusu wote. Nina mwezi mmoja wa mapumziko, kwa mtu mmoja."

Somoe alisema, "Nikifumba macho nawaona wale wawili. Nami nisingeuliza, msingejua pa kutazama."

"Bila ramani, majibu yako yangefutwa," alisema Chilumba. "Na daktari ameniambia macho haya yasipopumzika yatazima."

"Ramani haichomi sindano," Akwilina akasema. "Mimi nataka mwanangu anijue, basi."

Hakuna aliyepandisha sauti. Walisema kama watu wanaotua mizigo. Mganga mkuu akainamisha kichwa, akafikiri kwa muda mrefu. Alipokiinua, Somoe alikuwa amesinzia kitini, Chilumba amejifunika macho kwa viganja, na Akwilina anatazama mlango. Akawaomba wamsubiri hadi asubuhi.

Haya, mmesikia. Mwezi ni mmoja na haugawanyiki. Je, wewe ungempa nani? Na wale wawili wanaobaki kazini, ungewaambia nini?