Vitanda vya Kirangi

Pembe ililia mara tatu ndani ya ukungu, kabla bonde halijaonekana. Iliwaita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya milima ya Upare. Vijana walipojikokota na majembe yao, Bibi Nanzia akawaambia, "Mgeni hafuati kitanda, hufuata njia." Wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Akawaambia ulianza hivi.

Wageni walipoanza kupanda mlima kuja kuona maporomoko ya maji, kijiji kilipatana: watalala nyumba hadi nyumba kwa zamu, na njia ikiharibika, kila mwenye nyumba ataitikia pembe. Kirangi, fundi seremala, hakuipenda zamu. Yeye alikuwa na vitanda vya mvule na bati jekundu.

"Mgeni akalale juu ya ngozi, na mimi nina godoro?" alisema. Akawa anawavizia wageni njia panda na kuwachukua wote. Pembe ikilia, alijifunika shuka.

"Kirangi, masikio umeyapigia msumari?" majirani walimtania.

"Nasikia sana. Ila mimi nalaza watu, sichimbi njia."

Wakamwacha. Akauza ng'ombe wake wa pekee, akaongeza vitanda, maana kundi la wageni ishirini lilikuwa limeahidi kuja. Wiki ile ya ahadi, mvua ya masika iliporomosha udongo, ukaifukia njia. Kirangi alichimba peke yake. Alichokitoa asubuhi, mvua ilikirudisha jioni. Siku ya tatu aliichukua pembe, akaipuliza mpaka mashavu yakamuuma. Hakutokea mtu. Kwa desturi ya kijiji kile, asiyeitikia pembe akiipuliza, ni upepo tu umepita.

Wageni wakafika, wakasimama ng'ambo ya tope.

"Vitanda vile pale!" Kirangi alipaza sauti, akiwaonyesha bati lake. "Vipya kabisa!"

"Baba, vitanda tumeviacha kwetu," kiongozi wao alijibu. "Sisi tulitaka kuyafikia maporomoko." Wakageuka, wakateremka.

Shangazi yake Namkunda, mtunza pembe, alimkuta ameketi kwenye tope.

"Wamekwenda, shangazi. Ng'ombe sina, wageni sina. Wamekosa nini kwangu?"

"Kwako hawakukosa kitu, mwanangu. Mgeni hafuati kitanda, hufuata njia. Na njia haichimbwi na mwenye bati peke yake."

Kirangi akasimama, akazungumza kwa sauti ya kusikika mpaka mashamba ya juu, walikokuwa majirani wakipalilia.

"Shangazi, nakuahidi mbele ya hawa wote. Kesho nitachimba hapa, akija mtu asije mtu. Na njia ikifunguka, zamu ianzie nyumba ya juu kabisa. Mimi niweke wa mwisho. Mgeni hafuati kitanda, hufuata njia."