Mkeka wa Kupumzisha Macho ya Zimwi

Sogeeni, jamani, na mwenye woga amshike jirani yake.

Zimwi lilimmeza Tunu, binti wa Mize msusi wa mikeka. Likamwambia mama, "Nisukie mkeka wa kupumzisha macho yangu. Nikisinzia, mwanao atatoka. Ukiniudhi, nitalamba rangi machoni mwako."

Mize akataka kuonyesha ufundi wake wote. Akasuka ukindu mwekundu, wa kijani, wa manjano na wa zambarau, rangi zote sawa kwa sawa.

"Zinagombana!" zimwi likanguruma, likalamba wekundu. Tangu hapo kila chekundu Mize alikiona kijivu.

Wa pili akausuka kijani kitupu, kwa woga.

"Huu umekufa!" Likalamba na kijani.

Mara ya tatu akakumbuka alivyofundishwa na mama yake: rangi moja iwe mwenyeji, nyingine iwe mgeni. Akasuka mkeka mzima wa zambarau, akapitisha mstari mwembamba wa manjano ukingoni. Zambarau ikatulia, manjano ikang'aa, na zimwi likalala kinywa wazi.

Tunu akatambaa katikati ya yale meno makali.

"Njoo, mwanangu. Shingo yote tope!"

Akalifuta lile tope la kijivu kwa kanga yake. Akafuta, akafuta, akafuta.

"Mama, nasikia baridi."

"Tulia, linaisha."

Halikuisha. Lilikuwa la moto, na mtoto akazidi kuwa mzito mikononi.

Nimemaliza. Msiniulize ile kanga iligeuka rangi gani.