Kiti cha Mama wa Bibi Harusi

Sogeeni, nafasi bado ipo. Anayetafuna muwa ndiye akae nyuma, maana leo tunasikiliza sauti.

Nakijwa wa Same alikuwa na mama wadogo watatu, mafundi wa redio. Siael alikuwa na sikio: alimtambua mtu kwa kikohozi tu. Eliwaza alikuwa na subira: angehesabu gunia la mchele punje kwa punje asiombe hata chai. Namkunda alikuwa na hesabu, na mdomo.

Harusi ilikaribia. Nakijwa alikuwa na kaseti moja tu ya marehemu mama yake akimuusia, iliyorekodiwa wakiwa kwenye mashine ya kusaga nafaka. Mashine ilinguruma, sauti ya mama ikazama humo.

"Atakayenirudishia sauti ya mama," akasema Nakijwa, "ndiye atakayekaa kwenye kiti chake ukumbini."

"Mashine inanguruma kwa sauti nzito," akasema Namkunda. "Tukate nzito zote." Wakakata. Lo! Marehemu, mwenye sauti ya ngoma, akatoka kama mbu ndani ya kopo.

"Huyo si dada," akasema Siael. "Huyo anatafuta damu."

Siael akakusanya kanda sitini za dada yao, za kwaya na vikao vya ukoo, akapata wastani: sauti yake ina nguvu kiasi gani kwenye nzito, ya kati na nyembamba.

Eliwaza akaenda kwenye mashine ileile, akairekodi mara mia nne, ikisaga mahindi, ikisaga mtama, ikizunguka tupu. Akarudi mweupe kwa unga, na wastani wa mngurumo mkononi.

Namkunda akachukua namba za wote wawili, akaunda kichujio ndani ya kompyuta. Kwenye kila ngazi ya sauti, nzito hadi nyembamba, pale dada anapoizidi mashine, pafunguliwe. Mashine inapozidi, pabanwe kwa kadiri hiyohiyo. Safari hii panga la kukata nzito zote likawekwa chini.

Wakabonyeza. Sauti ya ngoma ikatoka: "Nakijwa, mwanangu, ukiolewa usiache kucheka."

Nakijwa akakaa sakafuni, akafunika uso.

Jumamosi ya harusi mama wadogo wote watatu wakatua ukumbini na vitenge vipya.

"Bila mimi mngejuaje cha kuokoa?" akauliza Siael.

"Na bila mimi, cha kuondoa?" akasema Eliwaza.

"Bila mimi mngebaki na madaftari mawili ya namba," akasema Namkunda.

"Na wewe peke yako ulituletea mbu!" wakadakia wenzake.

Mshereheshaji akaita: "Mama wa bibi harusi, karibu uketi!" Wakasimama watatu. Nakijwa akanyoosha mkono kumpokea mmoja. Mkono ukabaki hewani, ukumbi mzima ukimtazama.

Haya, mkono huo ungekuwa wako, ungemshika nani?