Pampu Kwenye Pindo la Kanga

Hapo zamani, tena si ile ya mbali, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mpishi wa shughuli aitwaye Bi Somoe. Pilau yake iliwapeleka watu harusini kwa maadui zao. Ulimi mkali, kifua kibovu: alikuwa na pumu. Zahanati ilimpa pampu mbili za kuvuta. Ya kahawia avute kila siku, mgonjwa au mzima. Ya bluu avute akibanwa.

Kifua kikatulia, kikatulia kweli. Shoga yake Bi Tausi akamwambia, "Dawa bila ugonjwa ya nini, shoga? Utaizoea kama ugoro." Bi Somoe akaona hapo amepata mshauri. Ya kahawia akaitupa kabatini. Ya bluu akaifunga kwenye pindo la kanga, maana kila cha maana chake kilikaa pindoni.

Ikaja harusi ya binti wa Bi Mize, mke mwenza wa Bi Somoe. Wanawake wote sare: kanga moja, rangi moja. Jiko lilipochemka wapishi wakavua kanga za juu, wakazitupa uani. Esha, mkwe wa Bi Somoe, hawezi kuona nguo chini. Akazikusanya zote, akazikunja, akazipanga ndani. Naye Bi Mize, mkono wa birika, alikuwa ameleta kuni mbichi.

Basi moshi ukapanda. Bi Somoe akakohoa. Akakohoa tena. Kifua kikafunga kama gunia lililokazwa kamba, pumzi ikawa filimbi. Akapapasa bega. Bega tupu.

Bi Mize akaliacha sufuria, akamkokota mpaka penye upepo, akamketisha wima.

"Mlazeni!" wakapiga kelele watu. "Mpeni tangawizi!"

"Atakayemlaza nitamlaza yeye!" akafoka Bi Mize. " Mtu hana pumzi, nyie mnamwona ana kiu?"

Esha akaruka ndani. Kanga zote sura moja! Akafungua pindo: ubani. Akafungua pindo: ugoro. Akafungua pindo: meno ya bandia, mwenyewe anajijua. Akafungua, akafungua, pampu hii hapa!

Bi Somoe akabonyeza, lakini pumzi ilikuwa fupi mno; dawa ikaingia mdomoni ikatoka kama ukungu. Bi Tausi akaikwapua. Akachukua chupa tupu ya maji, akaitoboa kitako, akachomeka pampu, akaitikisa, mdomo wa chupa akampa shoga yake.

"Nabonyeza mara moja. Vuta humo ndani. Taratibu, hukimbizwi. Pumua. Haya, tena."

Filimbi ikapungua. Bi Somoe akafumbua macho, na neno lake la kwanza likawa, "Nani anageuza pilau?"

Hakuna aliyegeuza. Iliungua.

Wakampakia kwenye bajaji hadi zahanati. Daktari akamsema kama mtoto: ya kahawia kila siku hata ukijiona mzima, kisha usukutue mdomo, ya bluu isikae mbali nawe, na moshi basi, uuage.

Bi Somoe akarudi, akakaa kitini, mwiko mkubwa wa shughuli mapajani. Sasa lazima ampe mwingine, na atakayeushika ndiye mpishi wa mji.

"Mwiko wangu," akasema Bi Mize. "Wangekulaza wale, pampu ingekuta maiti."

"Mama, ungekaa wima ukivuta nini?" akasema Esha. "Nimepekua mapindo ya wakwe zangu, aibu tupu, natafuta pumzi yako."

Bi Tausi akacheka. "Pampu ulikuwa nayo mkononi, shoga, unapulizia nzi. Nani aliifikisha kifuani?"

Bi Somoe akawatazama mmoja mmoja. "Kuni mbichi kaleta nani? Kanga kaficha nani? Nani kaniambia dawa ni ugoro?"

Kisha Bi Mize, na ule mdomo wake: "Na kabatini kaitupa nani?"

Bi Somoe akaushika mwiko kwa nguvu. Ijumaa kuna harusi nyingine, wenyewe wapo mlangoni wanauliza mpishi ni nani.

Haya, nyie mnaotafuna karanga zangu bure: aliyemketisha, aliyeitafuta, au aliyeifikisha? Na kila mmoja ana lake alilolikoroga. Je, nani alistahili mwiko?