Sultani Aliyefungiwa Chooni na Amri Yake

Alikuwapo katika mji wa Kandarani sultani aitwaye Mundhiri bin Saadi, naye alikuwa na pete ya akiki iliyochorwa jina la Mungu, na jini Daghalusi alikuwa mtumwa wa pete hiyo. Mwaka huo tauni ya chafya iliingia mjini ikawa inaua wazee. Waziri mmoja akashauri watu wote wafungiwe majumbani, na mwenzake akashauri wazibe midomo tu na kusalimiana kwa mbali. Sultani, ambaye mashauri marefu yalimtia usingizi, akamwamuru jini, "Kesho alfajiri funga kila mlango mjini!" Kisha akala, akalala, akasahau.

Alfajiri, Salha mwoka mikate alikuwa katika jiko lisilo na mlango, uani mwa jumba la Sultani. Aliposikia makomeo yakilia mji mzima, moyo ulimpasuka, kwa kuwa mama yake, Bi Ruzuna, alilala peke yake na homa isiyo ya tauni, na mtungi ulikuwa mtupu. Akasukuma lango la jumba hadi adhuhuri, lisitikisike. Ndipo aliposikia sauti iliyokauka ikitoka chooni.

"Nifungulieni! Ni mimi Sultani!"

Pete ilikuwa nje, juu ya kibao, maana mtu haingii chooni na jina la Mungu kidoleni.

"Ipenyeze chini ya mlango, binti."

"Haiwezekani, Seyyid. Humo haiingii."

Sultani akaguna, kwani alijua ni kweli. "Basi amuru wewe. Fungua choo tu, kwingine tusubiri tauni ipite."

"Na mama yangu atakunywa nini ikipita?"

"Ukifungua kote, si ataambukizwa?"

Hilo nalo lilikuwa kweli, na Salha akaogopa. Mwishowe akaishika pete. "Daghalusi, fungua nyumba. Watu wachote maji na wanunue chakula, wamefunika midomo. Ngoma na mabaraza yabaki yamefungwa."

"Hata baraza langu?"

"Hasa lako, Seyyid. Mji mzima unakuja kukubusu mkono, nawe unapiga chafya tangu Ijumaa."

"Na choo nikifungue lini, bibi?" akauliza jini.

"Akikubali."

Sultani hakuwahi kukubali jambo upesi namna ile.

Salha akatimua mbio mpaka kwao, akamkuta mama yake hai na hasira zake zote. "Nife na kiu, wewe unaoka mikate ya wakubwa!" Salha akalia kwa furaha. Lakini jirani yao Mzee Nasibu, mshona kofia aliyekuwa na pumu, alikutwa amekufa, mkono ukiwa kwenye komeo. Chafya hakuwahi kuipata.

Sultani alikuja mazikoni mwenyewe, akasimama mbali, uso umefunikwa, akalia waziwazi. Tauni ilichukua wazee wengine kabla haijaondoka, ila wachache kuliko ilivyohofiwa. Baadaye Sultani alimposa Salha, naye akaridhia, wakaoana bila ngoma wala umati. Na kila waziri aliyemjia Sultani Mundhiri kutaka mji ufungwe, aliulizwa kwanza kama amepita nyumba kwa nyumba akatazama ni nani aliyemo.