Sigifridi, Jina Lisilokatika

Kuna wakati mlimani kwetu hapakuwa na Sigifridi hata mmoja. Wanaume waliitwa majina ya babu zao, na maji ya mfongo, ule mfereji unaoshuka kutoka msituni, yaligawanywa kwa zamu. Leo nyumba ya juu, kesho nyumba ya chini. Ya juu ilikuwa ya Makyao, ya chini ya Lasimba. Na ninyi mnaocheka huko nyuma tulieni, maana nasimulia habari zenu.

Siku ya kuzibua mfongo kila nyumba ilitoa mtu na jembe. Asiyefika bila kutoa taarifa alipoteza zamu zake. Mwaka mmoja Lasimba alifiwa na mama mkwe ng'ambo ya korongo, akapita kwa Makyao asubuhi kumwomba awaeleze wenzao. Makyao hakueleza. Walipofikishwa kwa mangi, mtawala wetu wa enzi hizo, Makyao akasema hakuambiwa kitu. Akaaminiwa, na maji yote yakawa yake. Mwezi mzima alitembea kifua mbele.

Migomba ya Lasimba ikaanza kunyauka. Kwetu mtu akikuletea jani la isale anaomba mpatane, na ukishalipokea huwezi tena kumkatalia. Lasimba, ingawa aliyekosewa ni yeye, alichuma isale akapanda kwa jirani yake. Makyao alipomwona akapenya migombani, akatokea upande wa pili. Mara ya pili alijifunika ngozi ya ng'ombe akasingizia homa. Mara ya tatu alijibanza kwa mbuzi, na mbuzi wakamtafuna shuka. Mtu mzima na akili zake, anakimbia jani.

Basi Nsia, mke wa Lasimba, akaanza kufunga vyungu vyake. Hawakuwa na njia nyingine ila kushuka tambarare, kwenye joto na homa, ambako hawakuwa na ndugu wala kaburi la babu. Alikuwa akifunga na kulia, akifungua kidogo, kisha akifunga tena.

Siku hizohizo Manka, mke wa Makyao, alijifungua mtoto wa kiume. Kwa kuwa mzazi alikuwa bado ndani akinyweshwa mtori, Makyao alimbeba mtoto mwenyewe hadi misheni kubatizwa. Padre wa pale alikuwa Mjerumani mzee, mpole, mwenye ndevu za rangi ya mahindi.

"Baba, nipe jina la mtu aliyeshinda," Makyao alimwambia.

Padre alifikiri kidogo. "Lipo. Sigifridi. Kwetu ni jina la zamani sana. Sehemu ya kwanza ni ushindi, ya pili ni amani."

"Hiyo ya kwanza inanitosha."

"Halikatiki, Makyao. Wazee wetu waliziunga, mimi nitazitenganishaje? Lichukue zima au uliache."

Alilichukua zima, kwa kuwa watu walikuwa wakimtazama. Lakini njia nzima lilimkera. Ushindi alikuwa nao, kila mtu alijua. Hiyo nusu nyingine ndiyo aliyokuwa akiikimbia hadi kwenye zizi la mbuzi.

Alipofika langoni kwake akawakuta Lasimba na Nsia na mizigo yao. Makyao alitazama kushoto, kuna ua wa miti. Akatazama kulia, kuna mfongo umejaa. Mikononi ana mtoto.

"Usihangaike, ndugu yangu," Lasimba alisema. "Leo sikulazimishi. Tunaondoka, tumekuja kumwona mtoto tu."

Akainama kumtazama. Jani la isale, ambalo bado alikuwa amelishika kwa mazoea, likagusa kiganja cha mtoto, na mtoto akalikamata kama watoto wachanga wanavyokamata kila kitu. Makyao alijaribu kulichomoa taratibu. Mtoto akakaza. Akajaribu tena, mtoto akakaza zaidi. Jani lilikuwa limepokelewa, na aliyelipokea ndiye mwenye nyumba ya kesho.

Hapo Makyao akashusha pumzi ndefu, na machozi yakamtoka bila kuyafuta, maana mikono haikuwa na nafasi.

"Uliniambia habari za msiba," alisema. "Nilidanganya mbele ya mangi."

"Najua."

"Nimechoka kujificha, Lasimba."

Akamkabidhi Nsia mtoto. Akachukua jembe, akiwa bado na nguo zake za ubatizo, akabomoa kingo aliyokuwa amezibia mfongo. Maji yakateremka. Nsia, mtoto begani, alikaa juu ya mzigo wake akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akafungua vyungu, na safari hii hakuvifunga tena.

Na tangu siku hiyo kila Sigifridi wa mlima huu, akirudi kutoka kubatizwa, huwekewa jani la isale kiganjani, na baba yake hufungulia maji ya jirani kabla ya kuingia ndani. Sijui huko Ujerumani wanafanyaje na majina yao. Sisi tunafanya hivi.

Mimi ni mjukuu wa Nsia. Nilizaliwa pale chini, penye migomba ile, na nikaolewa hapa juu, katika nyumba iliyokimbia jani letu kabla sijazaliwa. Huyu wa leo ni kitukuu changu. Mama Sigifridi, mkunjulie kidogo kile kidole. Na wewe baba mtu, chukua jembe, watu wa chini wanasubiri maji.